Kumkojoza Mtoto Kabla Hajaanza Kutembea: Maelezo ya Baba Mwenye Cherehani

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo ya uzazi ni siku 84. Siku ya 85, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alibeba mkoba wake, akaniachia maziwa aliyoyakamua kwenye vikombe vyenye mifuniko, akasema, “Baba, mtoto huyo.” Mimi nashona nguo barazani kwetu, Makorora, hapa Tanga. Kwa hiyo binti yetu wa pili alilelewa mchana na mimi, na cherehani yangu ya kukanyaga, na mama yangu mzazi aliyekuja kutoka Duga Maforoni kwa wiki mbili akakaa miezi mitano.

Wa kwanza tulimlea kwa pampasi mpaka akakaribia miaka mitatu. Tano kwa siku, na wakati huo moja ilikuwa shilingi 500 ukinunua rejareja kwa Mangi. Piga hesabu: 75,000 kwa mwezi, na hapo hajaharisha. Huyu wa pili mama yangu hakunipa hata nafasi ya kununua. Alimfungua mtoto, akaitazama ile pampasi imevimba kama andazi, akauliza, “Ana miezi mitatu na hajawahi kukojozwa? Mnangoja aolewe?”

Ninayoandika hapa ni yale niliyofanya tangu binti ana miezi mitatu mpaka alipovaa chupi. Si lazima uanze na umri huo. Ukianza na miezi sita, au hata mwaka, utaratibu ni huohuo, kuna mambo tu utayaruka. Ila nakuomba jambo moja kabla hatujaendelea: usikimbizane na kila kojo. Mtoto mchanga hukojoa karibu kila ukigeuka, na ukitaka kuyadaka yote utaacha kazi, utaacha kupika, na mwisho utamchukia mtoto asiye na kosa. Mimi nilikuwa nadaka manne tu kwa siku. Mengine yote niliyaachia winda, likalowa, nikalifua.

Vitu vya kuwa navyo

Anza na winda, na hapa niruhusu nirefushe maneno kidogo kwa sababu ni kazi yangu. Pampasi ina sifa ambayo kwa shughuli hii ni kasoro: inanyonya mkojo upesi mno. Mtoto hajui kama amekojoa, na wewe hujui. Winda la kitambaa likilowa nyote wawili mnapata habari papo hapo.

Kitambaa bora ni kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika. Upande mmoja wa kanga hutoa vipande vinne, kila kimoja kama sentimita 75 kwa 55. Pinda kingo, usiziache wazi, nyuzi zinazochomoza huweza kujisokota kwenye vidole vya mtoto. Katikati shonea matabaka mawili ya taulo la zamani. Pini sikutumia kabisa, nilishonea kamba ubavuni za kufunga. Nilitengeneza ishirini na nne, ingawa kumi na sita yangetosha. Kanga ya kwanza niliyoikata ilikuwa imeandikwa “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe”. Mama akaisoma, akanitazama, nikasema ndiyo iliyokuwa karibu na mkasi.

Vingine ni vidogo: beseni dogo la plastiki, kopo la maji, ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya mawinda machafu, na mpira wa kutandika kitandani. Poti subiri kwanza. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe poti haimfai. Nilinunua yangu soko la Mgandini alipotimiza miezi saba, nikachagua fupi yenye kitako kipana ili nyayo zake zikanyage chini. Mtoto ambaye miguu inaning’inia hana pa kujikazia, na choo kikubwa hakitoki bila kujikaza.

Siku tatu za kutazama

Siku tatu za mwanzo usimkalishe popote. Mtazame tu, uandike. Mimi niliandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, na mpaka leo lipo: “Gauni la mama wa genge, kifua 38, kiuno 34. Ameamka 2:10, kakojoa 2:13. Kanywa maziwa 3:00, choo 3:15.” Mteja mmoja aliona akataka kujua hicho choo kinaingiaje kwenye gauni lake.

Siku ya tatu utaona mpangilio. Kila mtoto ana wake, lakini nyakati nne hazidanganyi sana. Ya kwanza na ya uhakika kuliko zote ni pale anapoamka. Akiwa usingizini kibofu hujizuia, akifumbua macho huachia ndani ya dakika chache. Hata usingizi wa mchana ni hivyohivyo. Ya pili ni baada ya kunyonya au kula, kati ya dakika tano na ishirini. Tumbo likipokea chakula, utumbo mkubwa nao huanza kusukuma, ndiyo maana choo kikubwa cha watoto wengi huja baada ya mlo wa asubuhi. Ya tatu ni kabla ya kuoga, unapomvua. Ya nne ni kabla ya kulala usiku.

Nilipozijua hizo nikazipanga na kazi yangu. Mashono ya kukaza, kama kuweka zipu au kola, niliyafanya mtoto akiwa amelala. Alipokaribia kuamka nilihamia kwenye kupinda mashuka, kazi unayoweza kuiacha katikati.

Mkao

Mama alinifundisha kwa vitendo. Alivua ndala, akaketi chini kwenye mchanga wa uani, akanyoosha miguu. Mtoto akamweka katikati ya mapaja yake, mgongo wa mtoto umeegemea tumbo la bibi, uso mbele. Akampitishia mikono chini ya mapaja, akayainua kidogo, magoti ya mtoto yakapanda juu. Huo ndio mkao wa kojo.

Wa choo kikubwa ni tofauti. Bibi alikunja magoti, akaziweka nyayo zake mbili karibu karibu, akaacha nafasi ya kama vidole vinne. Mtoto akamketisha juu ya nyayo hizo, paja moja huku, jingine huku, wanatazamana, bibi amemshika kwapani. Ile nafasi kati ya nyayo ndilo tundu la choo, na chini yake kuna beseni. Mtoto ana joto la miguu ya mtu, anaona uso anaoujua, na amechuchumaa vilevile alivyoumbwa kuchuchumaa. Nilipojaribu mimi nyonga ziliniuma siku mbili. Ukiwa na magoti mabovu keti kwenye kigoda kifupi umshike juu ya beseni. Kwa mtoto ambaye shingo bado haijakaza, kichwa lazima kiegemee mwili wako wakati wote.

Kisha kuna sauti. Kwa kojo ni “shshsh” ya polepole, kwa choo ni kuguna, “mmh, mmh”. Wengi hukosea hapa: wanamkalisha mtoto mkavu kisha wanapiga “shshsh” dakika kumi wakingoja muujiza. Wiki ya kwanza sauti ije wakati kojo linatoka, si kabla. Unamwona anakojoa, popote pale, hata kwenye winda, wewe unasema “shshsh”. Baada ya wiki moja hivi, sauti na kojo vinakuwa kitu kimoja masikioni mwake, na hapo sasa unaweza kuitanguliza. Akimaliza mbebe, mchekee, mnyonyeshe kama una cha kumnyonyesha. Mimi sina, nilimpigia mluzi.

Kikomo ni dakika mbili, tatu ukizidisha. Hakuna kitu? Mwondoe, mfunge winda, endelea na kazi. Akijipinda mgongo au kulia, mwondoe hata kama ni sekunde ya kumi. Na usishangae akikojoa mara tu ukishamfunga. Ilinitokea mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Mke wangu ndiye aliyeniletea habari kwenye simu kwamba mkao huu umeandikwa. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha kazi ya watafiti wawili wa ukoo wa deVries kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Walieleza kwamba akina mama wale huanza wiki chache tu baada ya kujifungua, na mtoto akifika miezi mitano au sita huwa mkavu kwa sehemu kubwa, mchana na usiku. Wakati huo ushauri wa kawaida kule Marekani ulikuwa ungoje mpaka karibu mwaka mmoja na nusu. Mama yangu ni Mdigo. Nilimsomea, akanyamaza kidogo, akauliza, “Kwa hiyo walipanda ndege kuja kutazama watoto wa watu wakikojoa?”

Nami niseme ukweli wangu: binti yangu hakumaliza kwa miezi sita. Mtoto wa kule yuko mwilini mwa mama yake mchana kutwa, na akishuka anapokewa na dada, shangazi, bibi. Mimi nilikuwa na mguu mmoja kwenye pedali. Mchana aliacha kulowana akiwa na miezi kumi na mitano. Kwangu hiyo ni mapema ya kutosha, hasa nikikumbuka wa kwanza.

Ishara

Majirani watakutajia ishara nyingi: kutetemeka, kukunja uso, kunyamaza ghafla, kuachia titi katikati ya kunyonya, kwenda kujificha nyuma ya mlango kwa wakubwa kidogo. Zote ni kweli, lakini mtoto wako atakuwa na moja au mbili zake mwenyewe, na hizo ndizo za kutafuta.

Binti yangu alilala chali kwenye mkeka pembeni ya cherehani, akipiga miguu hewani kwa kufuatisha gurudumu linavyozunguka. Nikikaza mwendo, naye anakaza. Halafu ghafla miguu inasimama. Macho yamebaki kwenye gurudumu lakini hayalioni tena. Mdomo unachongoka. Kuanzia hapo nilikuwa na muda wa mishono kama kumi, basi. Kwa miezi miwili nilifikiri anachoka. Mama ndiye aliyeniambia, akiwa anachambua mchicha, hata hakuinua kichwa: “Huyo anakojoa.”

Vijana wa kijiweni walinipa jina, Baba Kojo. Niliacha lipite. Wawili kati yao sasa wana watoto, na mmoja alikuja usiku kuniuliza kuhusu ule mkao wa nyayo.

Kosa langu

Akiwa na miezi tisa alikuwa hodari. Asubuhi choo kikubwa kwenye poti karibu kila siku, kojo mara tano, sita. Nikaanza kujisikia. Siku ya Idi wageni walijaa sebuleni, na mimi, badala ya kumpeleka uani kama siku zote, nikaileta poti katikati ya watu ili waone. Alikataa. Nikamkalisha tena. Akajipinda, nikamshika mabega. Nilimshika, ndiyo. Alilia mpaka akakohoa, mke wangu akaja akamchukua bila kuniambia neno.

Kesho yake akiiona tu poti analia. Lililofuata likawa baya zaidi: akaanza kuzuia choo. Siku nne. Kilipotoka kilikuwa kama cha mbuzi, na alilia kwa maumivu. Choo kikimuumiza mtoto mara moja, mara inayofuata atakizuia zaidi, kinakauka zaidi, kinauma zaidi. Ni mzunguko mbaya sana kuuingia, na mara nyingi mlango wake ni mzazi mwenye haraka. Jirani mmoja alinishauri nimpachike kipande cha sabuni. Nesi wa kliniki alinikataza kabisa, sabuni huunguza utumbo. Kwa umri wake alinambia niongeze maji na papai, nipunguze ndizi, na poti niisahau.

Niliisahau wiki tatu. Nikarudi kwenye mawinda kama mtu asiyejua kitu. Wiki ya nne niliiweka poti uani ikiwa kitu cha kuchezea. Akaweka vifungo ndani, akavitoa. Akaivaa kichwani. Siku moja akaikalia na nguo zake, akacheka. Siku mbili baadaye nilimvua, akakaa, akakojoa, nami nikajifanya nashughulika na uzi.

Mgomo wa namna hii huja hata bila kosa lako: meno yakiota, akianza kutambaa, akianza kusimama, akiugua, mama akisafiri. Dawa ni hiyohiyo. Rudi nyuma.

Akishaanza kutembea

Hapa kazi hubadilika, kwa sababu sasa anaweza kwenda mwenyewe, tatizo ni nguo. Gagulo, vifungo, mkanda, vyote ni adui. Wachina huwashonea watoto suruali yenye mpasuo katikati, akichuchumaa tu inafunguka. Nilishona moja nikaipenda, mke wangu akaikataa mbele za wakwe. Tukakubaliana kaptula yenye lastiki legevu, anayoweza kuishusha kwa dole gumba. Jaribu mwenyewe: ikiwa wewe unahitaji mikono miwili, yeye hataweza.

Chagueni neno moja nyumba nzima. Sisi tulitofautiana: mama anasema susu, mke wangu kojo, mimi “shshsh”. Mtoto akaamua mwenyewe akatuletea “shii”, nasi wote tukahamia huko. Kama una dada wa kazi au unampeleka kwa jirani, waambie neno na zile nyakati nne. Tulimpeleka kituo kimoja cha kulea watoto mchana kwa wiki mbili, wakataka pampasi kutwa nzima kwa sababu watoto ni wengi. Siwalaumu sana. Tulimtoa tu.

Akikojoa sakafuni usimfokee wala usimcheke. Mwambie “shii ni kwenye poti,” mpeleke akaone, mpe hata kitambaa afute nawe. Na umtawaze vizuri kila mara. Kwa binti, maji na mkono viende mbele kurudi nyuma, usirudishe uchafu wa nyuma mbele, ndio unaowaletea UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kisha nawa kwa sabuni, wewe na yeye.

Kinyesi cha mtoto kimwage chooni. Kuna watu wanakitupa jalalani au mtaroni kwa imani kwamba cha mtoto hakina madhara. Kina vijidudu vilevile, na mtaa wenye watoto watatu wa kuharisha huwa na mtaro wa namna hiyo. Choo chenyewe cha shimo usimharakishe. Tundu limekatwa kwa miguu ya mtu mzima, ni kubwa, ni giza, na ana haki ya kuliogopa. Binti yetu aliendelea na poti mpaka alipopita miaka mitatu, na kule chooni haendi peke yake hadi leo.

Akilia anapokojoa, mkojo ukinuka vibaya na ana homa, ukiona damu, au choo kikikaa siku kadhaa na tumbo limekaza, hapo si suala la poti tena. Hospitali.

Usiku

Usiku niliuacha mwisho na nashauri uuache. Kukauka mchana hufundishwa. Usiku kwa sehemu kubwa hungoja mwili ukomae, na madaktari hawahesabu kukojoa kitandani kuwa tatizo kabla ya miaka mitano. Mkojoze kabla ya kulala, weka mpira chini ya shuka, mkojoze tena wewe unapokwenda kulala kama hilo halimsumbui usingizi. Yule wa kwanza shangazi yake alizoea kumwita kikojozi mbele ya wenzake, na nadhani lile jina lilimwongezea mwaka mzima. Huyu wa pili aliamka mkavu mfululizo akiwa na miaka miwili na nusu, bila mtu kufanya lolote.

Safarini

Nilibeba winda nene, kaptula tatu, na kopo tupu la siagi lenye mfuniko wa kubana. Pampasi pia nilikuwa nayo moja ya dharura, sioni aibu. Tulikuwa kwenye Kosta ya Horohoro tukimrudisha bibi kwake baada ya ziara nyingine, binti ana miezi kumi na sita, tumeshapita Amboni. Akaniambia sikioni, “Shii.” Gari limejaa, mama amekaa dirishani, nami nimempakata. Nikatoa kopo, nikamkunja magoti kwa ule mkao, mama akatufunika na kanga yake. Abiria wa mbele akageuka kusikiliza, akafunga dirisha akidhani mvua imeanza.